Saa Kuukuu za Kijapani na Ushahidi wa Mgongoni

Askari, awe wa jeshi au wa polisi, aijua thamani ya saa kuliko watu wengi. Zamu hupokelewa kwa saa, doria hutoka kwa saa, na taarifa ya tukio isiyotaja saa huhesabiwa kuwa pungufu. Si ajabu basi kwamba miongoni mwa saa kuukuu zinazotafutwa mno na wakusanyaji zimo saa za Kijapani zilizovaliwa na askari.

Mashuhuri kati ya hizo ni Seiko. Asili yake ni duka la saa lililofunguliwa mjini Tokyo na Kintaro Hattori mwaka 1881. Kiwanda chake kilianzishwa mwaka 1892, na mwaka 1913 kikatoa saa ya mkono ya kwanza kutengenezwa Japani. Tetemeko kubwa la mwaka 1923 lilikiangamiza kiwanda hicho, lakini mwaka uliofuata kilitoa saa mpya, nazo ndizo za kwanza kuandikwa jina la Seiko usoni.

Mwaka 1965 Seiko ilitoa saa ya kwanza ya Japani kwa wapiga mbizi, yenye uwezo wa kwenda chini ya maji mita 150. Mrithi wake, yenye mtambo namba 6105, ilitoka mwaka 1968. Askari wengi wa Marekani waliopigana Vietnam waliinunua kwa fedha zao katika maduka ya jeshi, wakaivaa katika mvua na matope. Naye Kanali William Pogue wa jeshi la anga la nchi hiyo alikwenda na Seiko yake mwenyewe, yenye mtambo namba 6139, katika kituo cha Skylab angani, tangu Novemba 1973 hadi Februari 1974, ingawa haikuwa kifaa rasmi cha safari.

Umri wa saa hizi husomwa mgongoni. Hapo pana namba mbili. Ya kwanza, kwa mfano 6105-8110, yataja mtambo kwa tarakimu nne za mwanzo, na kasha kwa nne za mwisho. Ya pili ni namba ya mfululizo. Katika saa nyingi za Seiko, tarakimu yake ya kwanza ni mwaka, na ya pili ni mwezi: 1 hadi 9 ni Januari hadi Septemba, kisha hufuata alama za O, N na D kwa miezi mitatu ya mwisho. Basi saa ya 6105-8110 ambayo namba yake ya mfululizo yaanza na 03 ilitengenezwa Machi 1970.

Lakini muongo hautajwi. Mtambo 6105 uliundwa kwa muda usiofika miaka kumi, hivyo hautatanishi. Mtambo 7S26, ulioanza mwaka 1996, uliendelea kwa miaka mingi. Kwake tarakimu 8 yaweza kuwa 1998 au 2008. Shahidi mmoja hatoshi; sharti alinganishwe na wengine.

Mashahidi hao wapo. Mtambo wenyewe huandikwa namba yake ndani, na chini kabisa ya uso wa saa aghalabu huwamo maandishi madogo yenye namba hiyo. Ikiwa mgongo wasema 6105 na mtambo wasema 7009, hiyo ni saa iliyoungwa kwa vipande vya saa nyingine. Uso unaong'aa kama wa jana ndani ya kasha lililochakaa nao wastahili kuhojiwa.

Ukarabati nao una adabu yake. Katika saa hizi uzani mdogo huzunguka kila mkono unapotikisika, ukaikaza kamani. Mafuta yakikauka, saa huchelewa na vyuma hulika. Fundi mwema hufungua vyote, husafisha, hutia tone dogo la mafuta panapostahili, na hubadilisha mipira ya kuzuia maji. Hasugui kasha mpaka namba zikafifia, maana atakuwa amefuta cheti cha kuzaliwa. Wala asidanganyike mtu na maandishi ya mita 150: saa kuukuu isiyopimwa upya isipelekwe majini.

Mwenye saa ya namna hii na aandike namba zote mbili katika daftari lake. Namba ya mfululizo peke yake haitoshi, kwa kuwa tarakimu ya mwaka hurudi kila baada ya miaka kumi, na saa za aina mbalimbali zaweza kufanana namba. Siku saa itakapoibwa na kukamatwa mikononi mwa mwingine, maneno ya wawili hao yatakuwa sawa kwa uzito. Namba zile ndizo zitakazoamua ni ya nani.