"Bidhaa Ikishauzwa Hairudishwi": Je, Bango Hilo Linakufunga?

Msimu uliopita wa kiangazi, mkulima mmoja wa nyanya kutoka Ilula, wilayani Kilolo, alitupigia simu studio. Alikuwa amekopa kwenye kikundi chake cha kuweka na kukopa, akapanda basi hadi mjini na kununua pampu ya petroli ya kumwagilia kwa shilingi 380,000. Dukani iliwashwa, ikanguruma vizuri. Shambani ilivuta maji siku tatu. Siku ya nne ikaanza kuvuja mafuta, siku ya tano ikazima kabisa.

Aliporudi dukani, kijana wa kaunta hakuigusa hata hiyo pampu. Alinyoosha kidole ukutani na kusema, "Kaka, soma pale." Bango lilikuwa limeandikwa kwa wino mwekundu: BIDHAA IKISHAUZWA HAIRUDISHWI.

Nyanya zake zilikuwa zimeanza kutoa maua, na marejesho ya kikundi ni kila Jumamosi. Swali lake hewani lilikuwa moja tu: "Hivi lile bango ndiyo sheria?"

Baada ya simu ile tulipokea ujumbe mwingi wa aina hiyo. Mwingine betri yake ya sola haikai na chaji. Mwingine mbegu zake hazikuota. Mwingine alituma pesa kwa muuzaji wa mtandaoni, na namba ikazimwa. Ndiyo maana tumeona tuliandike jambo hili, ili uweze kulisoma taratibu na kulihifadhi kwenye simu yako.

Jibu fupi

Bango si sheria. Muuzaji hawezi kujiondolea wajibu wake kwa kubandika karatasi ukutani au kuandika sentensi hiyo chini ya risiti. Lakini pia si kila mteja anayerudisha bidhaa ana haki. Kinachoamua ni sababu ya kuirudisha, muda uliopita, na ushahidi ulionao.

Sheria inasemaje

Hapa Tanzania kuna sheria mbili za kuzifahamu. Ya kwanza ni Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Ya pili ni Sheria ya Ushindani Namba 8 ya mwaka 2003, ambayo pamoja na mambo mengine inamlinda mlaji dhidi ya udanganyifu wa kibiashara.

Ukiziweka kwa lugha ya kawaida, zinasema kwamba mtu anayefanya biashara ya bidhaa fulani akikuuzia bidhaa hiyo, kuna ahadi ambazo zimo ndani ya mauzo hata kama hakuzitamka.

Ahadi ya kwanza: bidhaa ilingane na maelezo yake. Ukiambiwa betri ni mpya, iwe mpya. Mfuko ukiandikwa kilo 50, ziwemo kilo 50.

Ahadi ya pili: bidhaa iwe na ubora unaofaa kuuzwa. Pampu ivute maji, tochi iwake, ndoo isivuje.

Ahadi ya tatu inahusu kazi maalumu. Ukimweleza muuzaji kazi unayotaka kuifanya, ukategemea ujuzi wake, naye akakuchagulia bidhaa, basi bidhaa hiyo inapaswa kuifaa kazi hiyo. Hapa wengi wetu tunakosea. Tunaingia dukani na kusema, "Nipe pampu ya aina fulani," tunalipa na kuondoka. Ukitaja jina la bidhaa peke yake, muuzaji anaweza kujitetea baadaye kwamba uliitaka mwenyewe. Sema kazi yako: "Nataka pampu ya kuvuta maji kutoka mtoni hadi shamba la ekari moja lililo juu kidogo. Ipi itafaa?" Na ukiweza, muulize mbele ya mtu mwingine.

Ahadi mojawapo ikivunjwa, na wewe ukawahi kuikataa bidhaa, unaweza kudai pesa yako. Mara nyingi watu huelewana kwa njia nyepesi zaidi, yaani kutengenezewa au kubadilishiwa. Hakuna ubaya kukubali hivyo kama kunakufaa, ila ujue kwamba unakubali kwa hiari yako.

Jambo jingine ni hili. Muuzaji akikwambia, "Mimi sikuitengeneza, nenda kiwandani," kumbuka kwamba pesa yako aliipokea yeye, na makubaliano ya mauzo ni kati yako na yeye. Kama naye aliuziwa mzigo mbovu na muuzaji wa jumla, ana haki ya kumdai huyo wa jumla. Lakini hiyo ni safari yake, hapaswi kukubebesha wewe nauli.

Pale ambapo muuzaji yuko sahihi

Tusiwaonee wafanyabiashara. Wapo waaminifu wengi, na wapo wateja wanaowasumbua. Mtu ananunua kitenge cha kwenda nacho harusini, anakivaa, Jumatatu anakirudisha. Mwingine anaiingiza redio kwenye maji kisha anasema aliuziwa mbovu.

Kama umebadilisha mawazo tu, rangi haikukupendeza au umeona bei nafuu duka la jirani, muuzaji halazimiki kukurudishia pesa. Akikubali ni ubinadamu wake.

Kama uliikagua bidhaa kabla ya kulipa, usilalamikie kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuionyesha. Kioo kilichopasuka mbele ya macho yako ni tofauti na injini mbovu iliyofichwa ndani. Vilevile, mtumba hautarajiwi kuwa sawa na kitu kipya. Na jirani yako asiye mfanyabiashara akikuuzia baiskeli yake ya zamani, ile ahadi ya ubora haimbani kama inavyombana mwenye duka, ingawa naye haruhusiwi kukudanganya.

Halafu kuna muda. Sheria inampa mnunuzi muda wa kutosha kuiangalia bidhaa, lakini haimruhusu akae nayo tu. Ukiendelea kuitumia kwa wiki nyingi bila kusema kitu, inahesabika kwamba umeikubali. Hapo unaweza kudai fidia kwa kasoro yake, lakini kuirudisha na kupewa pesa yote inakuwa vigumu. Ukiona kasoro leo, toa taarifa leo. Kama duka liko mbali, piga simu na ufuatishe ujumbe mfupi wa maandishi, ili tarehe ibaki kwenye simu.

Bila ushahidi ni maneno matupu

Kesi nyingi zinazotufikia zinakwama hapa. Mteja ana haki, lakini hana kitu mkononi.

Dai risiti kila unaponunua kitu cha thamani. Sheria za kodi zinamtaka muuzaji atoe risiti ya mashine ya EFD, na mnunuzi naye anatakiwa kuidai. Wafanyabiashara wadogo kabisa hawalazimiki kuwa na mashine hiyo. Kwao omba risiti ya kuandikwa kwa mkono, yenye jina la duka, tarehe, jina la bidhaa, kiasi na sahihi.

Hakikisha risiti inaonyesha kiasi ulicholipa kweli. Kuna muuzaji anayekwambia, "Nikuandikie ndogo nikupunguzie bei." Siku ya kudai, risiti yako itasema ulilipa shilingi 150,000 wakati ulilipa 380,000. Punguzo la leo linakuwa hasara ya kesho.

Karatasi ya EFD inafifia, hasa ikikaa mfukoni au karibu na joto. Ipige picha siku hiyohiyo.

Ukilipa kwa simu, usifute ujumbe wa malipo. Kama duka lina Lipa Namba, itumie, kwa sababu jina la biashara linaonekana. Ukiambiwa utume kwenye namba binafsi ya mtu, jiulize kwa nini.

Bidhaa ikiharibika, ichukue video fupi ikionyesha tatizo. Usiipeleke kwa fundi wa mtaani kuifungua kabla ya kurudi dukani. Ikishafunguliwa, muuzaji atasema fundi wako ndiye aliyeiharibu, na hutakuwa na jibu.

Hatua za kufuata

Kwanza, rudi dukani ukiwa na bidhaa, risiti na mtu mmoja mwenye busara. Omba kuonana na mwenye duka, si kijana wa kaunta peke yake. Ongea kwa utulivu na sema unachotaka: kutengenezewa, kubadilishiwa au pesa. Ukianza kwa matusi, mazungumzo yatahama kutoka kwenye bidhaa na kuwa juu ya adabu yako.

Pili, akikataa, mwandikie barua fupi. Taja tarehe ya kununua, bei, kasoro, siku uliyotoa taarifa, na mpe siku za kujibu, kwa mfano saba. Baki na nakala. Barua haihitaji wakili wala Kiswahili cha mahakamani.

Tatu, mkiwa mnafahamiana au duka likiwa kijijini kwenu, mwenyekiti au mtendaji wa kijiji anaweza kuwakutanisha. Makubaliano yoyote yaandikwe na yawekwe sahihi.

Nne, peleka taarifa kwenye taasisi inayohusika. Tume ya Ushindani, ambayo wengi wanaijua kwa jina la FCC, inashughulikia udanganyifu kwa walaji na bidhaa bandia. Shirika la Viwango, yaani TBS, linahusika na ubora na usalama wa bidhaa. Wakala wa Vipimo anahusika na mizani na ujazo wa vifungashio. Kazi kubwa ya taasisi hizi ni kuusimamia mwenendo wa wafanyabiashara, kwa hiyo usitegemee kila mara kwamba pesa yako itatoka mikononi mwao. Hata hivyo, taarifa yako inaweza kuwaokoa wengine.

Tano, ipo Mahakama ya Mwanzo. Hapo unaweza kufungua dai linalotokana na makubaliano ya mauzo. Shauri linaendeshwa kwa Kiswahili na unaweza kujieleza mwenyewe bila wakili. Kuna ada ya kufungua shauri, na ukishinda unaweza kuomba mdaiwa akurudishie gharama.

Vipi kuhusu polisi? Polisi si wakusanya madeni. Pampu iliyoharibika ni mgogoro wa madai. Lakini mtu aliyechukua pesa akijua hana bidhaa, au aliyekuuzia bandia kwa makusudi, anaweza kuwa ametenda kosa la kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu. Hilo lipeleke polisi.

Mbegu, simu na maduka ya mtandaoni

Mbegu zina ugumu wake, kwa sababu kasoro inaonekana shamba likiwa tupu na mvua zimeshapita. Nunua mbegu zilizofungashwa zenye lebo ya TOSCI, taasisi ya kudhibiti ubora wa mbegu. Kabla ya kupanda shamba zima, funga mbegu 10 kwenye kitambaa chenye unyevu kwa siku kadhaa uone ngapi zinaota. Tunza mfuko mtupu na mbegu chache zilizobaki. Muuzaji akisema kosa ni la mvua au la ardhi yako, hizo mbegu chache ndizo zitakazokusemea.

Kwa simu ya mkononi, kabla ya kulipa bonyeza *#06#. Itatokea namba ya utambulisho ya simu hiyo. Itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 upate majibu kama simu ni halisi. Ni kazi ya dakika moja tu.

Kwa maduka ya mtandaoni, shida kubwa ni kutuma pesa kabla ya kuona mzigo. Picha nzuri na wafuasi wengi si duka. Omba kulipa mzigo ukifika, au mtume ndugu aliye mjini akauone. Ukishatapeliwa, piga simu haraka kwa mtandao uliotumia kutuma pesa, maana pesa ikishatolewa kwa wakala ni vigumu kuirudisha. Namba ya tapeli itume kwenda 15040.

Ile pampu iliishia wapi?

Mkulima wetu wa Ilula alirudi dukani mara ya pili akiwa na risiti, video, na katibu wa kikundi chake. Safari hii alimsubiri mwenye duka hadi saa nane mchana. Hakulizungumzia bango. Alionyesha tarehe ya kununua, siku ya pampu kuzima, na ujumbe aliokuwa amemtumia kijana wa kaunta siku hiyohiyo. Akasema kwamba akikosa jibu, ataandika barua na kwenda Mahakama ya Mwanzo.

Mwenye duka aliiwasha pampu, akaisikiliza, akanyamaza kidogo. Kisha akampa nyingine ya aina tofauti, na nauli ya kurudi.

Hakupata kila kitu. Karibu nusu ya nyanya zilikuwa zimeshakauka, na hasara hiyo hakuna aliyemlipa. Marejesho ya Jumamosi mbili alichangiwa na wenzake wa kikundi. Lakini pampu ya pili inafanya kazi hadi leo.

Tulipomuuliza kama bango bado lipo ukutani, alisema lipo. Ila sasa, kabla hajalipa, anauliza swali moja: "Ikiharibika kabla ya wiki kuisha, utanifanyia nini?" Jibu lake analiomba liandikwe nyuma ya risiti.