Kamera ya Bei Nafuu kwa Vilima vya Kasikeu

Na Mwandishi Wetu

Msafiri anayeshuka basi la Mombasa pale Sultan Hamud, mji uliopewa jina la yule Sultani wa Unguja aliyetawala tangu 1896 hadi 1902, kisha akashika njia ya kupanda kwenda Kasikeu, hahitaji kuambiwa na mtu kwamba nchi ile inapendeza. Nyuma yake zimelala mbuga za Wamaasai. Mbele yake vilima vya Ukambani vimepangwa kama ngazi kwa matuta ya mashamba. Na asubuhi ambayo mawingu yamekubali, huko kusini mwa upeo wa macho, mlima Kilimanjaro hujitokeza wenye theluji yake kichwani. Mtalii hulipa fedha nyingi kwenda Amboseli kuutazama mlima huo. Mtoto wa Kasikeu huuona bure akienda kukama.

Mwaka uliopita mpwa wangu, ambaye kwao ni huko Kasikeu, alinijia Nairobi akiwa na shilingi 30,000 alizozipata kwa kuuza maembe. Nilidhani amekuja kutafuta karo ya chuo au pikipiki ya kubebea abiria. La, hasha! Alitaka kamera.

“Mjomba,” akasema, “shamba la babu litagawanywa. Baba na baba zangu wadogo wamekwisha kukubaliana, mpimaji atakuja baada ya mavuno. Nataka kuupiga picha mlima wetu wote ungali mmoja, kabla ya nyua na mabati. Simu yangu haitoshi.”

Nikamwuliza kwa nini simu haitoshi, maana siku hizi kila mtu ni mpiga picha. Akanionyesha picha aliyoipiga alfajiri. Mbingu ilikuwa nyeupe kama karatasi, na bonde lilikuwa jeusi kama chungu. Matuta ambayo nyanya yake aliyachimba pamoja na wenzake wa mwethya, hata moja halikuonekana. Nikakubali kwamba kijana ana hoja. Basi tukaenda madukani, na yale tuliyojifunza huko ndiyo ninayotaka kumweleza msomaji, kwa sababu najua hayuko peke yake mwenye tamaa kubwa na mfuko mdogo.

NAMBA ZA KUTIA MACHO KIWI

Duka la kwanza tuliloingia, muuzaji alitutolea kamera mpya kabisa, ndani ya sanduku, iliyofungwa pamoja na mfuko, kitambaa, lenzi mbili na takataka nyingine nyingi. Bei yake ilikuwa mara mbili ya fedha za kijana. “Unaweza kulipa kidogo kidogo,” akasema. Sifa yake kubwa ilikuwa megapikseli. Kila tulipouliza jambo, alitujibu kwa megapikseli.

Hebu tufanye hesabu. Picha nzuri ya kutundika ukutani, yenye upana wa inchi 12 na kimo cha inchi 8, ikichapishwa kwa nukta 300 kwa kila inchi, huhitaji nukta 3,600 kwa 2,400. Hizo ni nukta milioni 8 na nusu hivi. Kwa hiyo kamera ya megapikseli 12 inaitosha picha hiyo na kusaza. Kamera ya kwanza ya dijitali ya aina hii kuuzwa madukani, iliyotengenezwa na Kodak mwaka 1991, ilikuwa na megapikseli 1.3 tu, na bei yake ilikuwa ya kununulia gari. Leo hata kamera iliyochakaa ina mara kumi ya hizo.

Jambo la maana zaidi ni ukubwa wa ile sensa, yaani kile kipande kinachopokea mwanga mahali ambapo zamani palikaa filamu. Katika kamera za DSLR za bei ya chini, sensa ina upana wa milimita 22 hadi 24. Ya simu ni ndogo mno kuliko hiyo. Sensa kubwa hunasa mwanga mwingi zaidi, na hapo ndipo mbingu ya alfajiri na bonde lenye kivuli huweza kukaa katika picha moja bila moja kumla mwenziwe.

NEEMA YA MITUMBA

Hapa pana habari njema kwa wenye mifuko myepesi. Kamera ya DSLR ina kioo ndani yake, ambacho huakisi picha kutoka kwenye lenzi hadi jichoni mwa mpigaji, kisha huruka juu wakati wa kupiga. Tangu mwaka 2018, Canon na Nikon walipoanza kutoa kamera zao kubwa zisizo na kioo hicho, wapiga picha wenye uwezo wameanza kuhamia huko na kuziuza zile za zamani. Ndiyo sababu kamera ambazo jana zilikuwa fahari ya wapiga picha wa harusi, leo zimejaa madukani kwa bei ya mitumba.

Mlima nao, msomaji, haukimbii. Anayepiga mpira au ndege arukaye anahitaji kamera yenye kasi. Anayepiga kilima anaweza kutulia. Kwa hiyo karibu kila kitu kinachoifanya kamera mpya iwe ghali, yeye hakihitaji.

Chukua mfano wa Nikon D3100 ya mwaka 2010, yenye megapikseli 14, au D3200 ya mwaka 2012, yenye 24. Kwa upande wa Canon kuna 1100D na 600D, zote za mwaka 2011. Yoyote kati ya hizo, ikiwa nzima, inatosha kazi ya vilima. Nikilazimishwa kuchagua, nitashika ile D3200, kwa kuwa vivuli vyake huvumilia kuangazwa baadaye katika kompyuta kuliko vya Canon za miaka hiyo. Lakini afadhali Canon nzima kuliko Nikon mbovu. Ila D3000 ya mwaka 2009 niliikwepa, maana haiwezi kuonyesha mandhari kwenye kioo cha nyuma kabla ya kupiga. Mpiga picha wa mandhari anahitaji kuikuza picha hapo nyuma ili ahakikishe ukingo wa mbali umekaa sawasawa.

Jambo jingine. Kamera hizo ndogo za Nikon hazina mota ya kuzungushia lenzi za zamani, na muuzaji atakwambia lenzi hizo hazikufai. Ni kweli hazitajilenga zenyewe. Lakini kilima hukilenga kwa mkono, polepole, kwa hiyo lenzi ambayo wengine wanaikataa yaweza kuwa bahati yako.

JINSI YA KUMKAGUA NG'OMBE

Baba zetu hawakununua ng'ombe bila kumfungua kinywa. Kamera ya mtumba nayo ina kinywa chake. Tulipoipata D3200 moja katika kiduka cha ghorofani, mwenye duka akatuachia tuikague, tukafanya haya:

Kwanza, tulimulika tochi ndani ya lenzi na kutazama upande wa pili. Lenzi iliyokaa sana mahali penye unyevu, kama vile pwani, huweza kuota kuvu ndani, mfano wa utando wa buibui. Ukiuona utando huo, aga uende zako.

Pili, tuliiweka lenzi kwenye tundu dogo kabisa, namba f/22, tukaipiga mbingu tupu dirishani. Vumbi lililoingia kwenye sensa hujitokeza kama madoa meusi. Madoa mawili matatu husafishika, lakini yakiwa mengi kama punje za mtama, punguziwa bei au ondoka.

Tatu, tulibandika gazeti ukutani tukalipiga picha, kisha tukakuza pembe zote nne. Pembe moja ikiwa na ukungu na nyingine safi, lenzi hiyo iliwahi kuanguka.

Nne, tuliuliza kamera imekwisha kupiga picha ngapi. Kamera za Nikon huiandika hesabu hiyo ndani ya faili la kila picha, na ipo programu ya kuisoma. Za daraja hili hutarajiwa kufika kama picha 100,000. Iliyotoka kwa mpiga picha wa harusi huenda imekaribia huko. Iliyotoka kwa mtu wa sikukuu huenda bado ni mwali.

Ile yetu ilifaulu mitihani yote. Kijana akataka kutoa fedha zote anunue na lenzi kubwa. Nikamshika mkono. Ushauri wangu kwa mwenye fedha kidogo ni huu: theluthi mbili kwa kamera na lenzi yake ya kawaida ya milimita 18 hadi 55, na theluthi iliyobaki kwa stendi ya miguu mitatu, betri ya pili na kadi ya kumbukumbu. Stendi isiwe ile ya plastiki inayotetemeka kwa upepo wa kilimani. Alfajiri mwanga ni haba, kamera hulazimika kufungua jicho kwa nusu sekunde au zaidi, na hakuna mkono wa binadamu unaotulia kiasi hicho. Kamera ya bei ndogo juu ya stendi imara huishinda ya bei kubwa iliyo mkononi.

MLIMA ULIOKUWA KICHUGUU

Wiki mbili baadaye kijana alinipigia simu, sauti yake imeanguka. Alikuwa ameamka saa kumi usiku, amepanda mlima kwa tochi, amemsubiri Kilimanjaro, na Kilimanjaro ametokea. Lakini katika picha, mlima wenye kimo cha mita 5,895 ulikuwa mdogo kama kichuguu cha mchwa!

Kosa halikuwa la kamera. Kutoka vilima vile hadi Kilimanjaro ni zaidi ya kilomita 100. Lenzi ikiwa kwenye milimita 18 hukumbatia nchi pana, na kila kilicho mbali hudidimia. Wengi hudhani mandhari ni lazima ipigwe kwa lenzi pana. Si hivyo. Lenzi pana ni ya matuta yaliyo miguuni pako. Mlima wa mbali unataka lenzi ndefu, kama ile ya milimita 55 hadi 200, ambayo nayo hupatikana kwa mitumba. Hiyo akaiwekea akiba hadi msimu uliofuata wa maembe.

Kwa wakati ule nilimwambia amsahau Kilimanjaro, ageukie alichokwendea. Tundu la lenzi aliweke f/8 au f/11, ISO iwe 100, picha ihifadhiwe kwa faili la RAW, yaani picha mbichi isiyopikwa na kamera, na abonyeze kwa saa ya kuchelewesha ya sekunde mbili ili kidole kisiitikise kamera. Zaidi ya yote angoje jua litoke na kulimulika shamba ubavuni. Jua la saa sita hulalia kila kitu sawasawa, na matuta hupotea. La saa kumi na mbili na nusu humpa kila tuta kivuli chake, ukayahesabu moja moja. Na asichague mwezi wa vumbi, bali siku inayofuata mvua, hewa ikiwa imeoshwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

PICHA KAMA SHAHIDI

Huenda msomaji akauliza, yote haya ya nini, kwa ajili ya picha ya shamba? Namjibu kwa habari ya kale.

Mwaka 1937 mtumishi wa serikali ya kikoloni, R. O. Barnes, alipita Ukambani akipiga picha ardhi iliyoliwa na mmomonyoko: makorongo, vilima vitupu, udongo mwekundu usio na jani. Ripoti za namna ile zilitumiwa kuhalalisha amri ya kupunguza mifugo. Mwaka 1938 Muindi Mbingu akawaongoza Wakamba kwa maelfu hadi Nairobi kuipinga amri hiyo. Akahamishiwa Lamu. Leo barabara moja katikati ya Nairobi ina jina lake.

Lakini picha zile hazikufa. Zaidi ya miaka 50 baadaye, wachunguzi Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walizitumia wakazilinganisha na picha mpya za mahali pale pale. Katika kitabu chao cha mwaka 1994 walionyesha jambo lililowashangaza wengi. Watu wa wilaya ya Machakos ya wakati huo, ambayo Makueni ilikuwa ndani yake, walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930, na bado ardhi ilikuwa nzuri zaidi. Palipokuwa jangwa pana matuta na miti. Kazi ile ilifanywa na wenyeji kwa majembe, wanawake wa mwethya wakiwa mstari wa mbele, wakiurusha udongo upande wa juu hadi njia hiyo ikaitwa “fanya juu”.

Picha zilizopigwa ili kuonyesha aibu ya Wakamba zikageuka ushahidi wa bidii yao. Na kilichoupa ushahidi ule nguvu ni kwamba mtu alirudi akasimama mahali pale pale.

Nilipokwenda Kasikeu baada ya mavuno, kijana alikuwa amekwisha kuipata picha yake. Shamba zima, ukingo hadi ukingo, matuta yote na kivuli chake kila moja. Aliichapisha kwa inchi 12 kwa 8. Nyanya yake aliishika muda mrefu, akawa anafuata matuta kwa kidole akitaja majina ya wenzake waliochimba kila moja, ambao wengi wao wamekwisha kufariki. Mjukuu akaleta kalamu akayaandika nyuma ya picha.

Kisha mama mzee akauliza, “Na mwakani, wakishagawana, utapiga tena?”

Kijana akanitazama, akanipeleka nje, akanionyesha jiwe alilolipaka chokaa pale alipoisimamisha stendi yake. Mpimaji alikuwa amekwisha kupita, na vigingi vyake vilionekana kote shambani, lakini jiwe lile lilikuwa bado mahali pake.