Moshi wa Kiwanda na Sumu ya Risasi

Leo tunazungumzia moshi wa viwanda, na hasa sumu moja inayosafiri ndani ya moshi huo: madini ya risasi. Kama unaishi karibu na kiwanda, kama mumeo au kijana wako anafanya kazi ya kuyeyusha vyuma, au kama hapo nyumbani umeweka betri kuukuu ya gari au ya sola, basi usiondoke. Mada hii inakuhusu.

Risasi ni nini?

Nikisema risasi, usifikirie bunduki peke yake. Risasi ni madini mazito, laini, ya rangi ya kijivu. Wengine huyaita ledi. Zamani yalitiwa ndani ya petroli, lakini Kenya iliachana na petroli hiyo kufikia mwanzo wa mwaka wa 2006. Siku hizi risasi nyingi iko ndani ya betri za magari, pikipiki na sola. Betri ikifa, risasi iliyo ndani bado ina bei. Watu wa vyuma kuukuu huinunua, hupasuliwa, na risasi huyeyushwa ili itengeneze betri nyingine.

Risasi huyeyuka ikifika joto la nyuzi 327 za Selsiasi. Ikizidi kupata moto hutoa mvuke. Mvuke huo ukipoa hewani hugeuka kuwa vumbi laini kuliko unga wa ngano. Kiwanda kinachofuata sheria huwa na mitambo ya kufyonza na kuchuja vumbi hilo kabla moshi haujatoka nje. Kisipokuwa na mitambo hiyo, vumbi hutoka pamoja na moshi, upepo hulibeba, kisha linatua. Linatua juu ya mabati, mchangani, kwenye nguo zilizoanikwa na kwenye sufuria zilizoachwa wazi.

Sikiliza vizuri hapa. Moshi wa kuni ukiisha, jiko limezimwa na hewa inasafika. Risasi haiozi na haiungui. Vumbi lililotua mwaka huu litakuwa bado liko pale wakati mtoto ambaye hajazaliwa atakapoanza kutambaa. Kwa hiyo usiulize tu kama moshi umeisha. Uliza pia vumbi lake liko wapi.

Yaliyotokea Owino Uhuru

Tuna mfano hapa hapa nchini. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, chenye wakazi wapatao 3,000, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi mwaka wa 2007, kando kabisa ya nyumba za watu. Watu walikohoa, watoto wakaugua, kina mama wakapoteza mimba. Mwaka wa 2009 mama mmoja aliyekuwa ameajiriwa na kiwanda hicho, Phyllis Omido, alimwona mwanawe mchanga akiugua. Mtoto alipopimwa damu, ilipatikana na risasi. Mama huyo aliacha kazi akaungana na wanakijiji kudai kiwanda kifungwe. Kilifungwa mwaka wa 2014, na mwaka wa 2015 alitunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman.

Lakini kufungwa kwa kiwanda hakukuondoa risasi iliyokuwa mchangani na mifupani mwa watu. Wakazi walikwenda mahakamani mwaka wa 2016. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwezi wa Julai 2020. Mahakama ya Rufaa ikabatilisha fidia hiyo mwaka wa 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha mwezi wa Desemba 2024. Hesabu mwenyewe: mtoto aliyezaliwa kiwanda kilipoanza alikuwa na miaka kumi na saba hukumu hiyo ya mwisho iliposomwa.

Inaingiaje mwilini?

Risasi huingia kwa njia kuu mbili: kwa pua tunapovuta hewa, na kwa mdomo tunapokula au kunywa. Ikishaingia husafiri katika damu hadi kwenye ubongo, figo na ini. Nyingine hujificha ndani ya mifupa na meno, na hukaa huko miaka mingi. Mwanamke akishika mimba, mifupa hutoa sehemu ya risasi hiyo na kuirudisha katika damu, na mtoto huipata akiwa bado tumboni.

Watoto wadogo ndio huumia zaidi. Wanatambaa chini, wanatia vidole na vitu mdomoni. Tena, Shirika la Afya Duniani linasema kwamba tumbo la mtoto hufyonza risasi mara nne hadi tano kuliko la mtu mzima. Ubongo wake bado unajengwa, na risasi huharibu kazi hiyo ya ujenzi. Shirika hilo linasema hakuna kiwango chochote cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Dalili zake

Sumu hii ni mjanja kwa sababu dalili zake hufanana na za magonjwa tuliyoyazoea. Mtoto anaumwa na tumbo, unafikiri ni minyoo. Amechoka na amepauka, unafikiri ni ukosefu wa damu tu. Anasahau anayofundishwa shuleni na hatulii, mwalimu anasema ni mtundu. Dalili nyingine ni kufunga choo, kukosa hamu ya chakula na kuumwa na kichwa. Sumu ikizidi sana mtoto hupata degedege, na anaweza kufa. Kwa mtu mzima, shinikizo la damu hupanda, figo huharibika, na mimba huweza kutoka. Watoto wengi huwa hawana dalili yoyote ya wazi, huku ubongo ukiendelea kuumia.

Njia ya kujua ni kupima damu. Zahanati nyingi hazina mashine ya kipimo hiki. Kwa hivyo mwambie muuguzi au daktari wazi wazi: "Tunaishi karibu na kiwanda cha kuyeyusha betri, naomba mtoto apimwe risasi." Asipoambiwa, huenda asifikirie. Omba barua ya rufaa hadi hospitali kubwa. Kipimo kikifika mikrogramu 5 kwa desilita moja ya damu au zaidi, ni lazima chanzo kitafutwe na kiondolewe. Dawa za kuondoa risasi zipo, lakini hutolewa hospitalini kwa wale ambao kiwango chao ni cha juu sana. Dawa hizo haziwezi kurudisha ubongo ulioharibika. Ndiyo maana tunasema kinga ni bora kuliko tiba.

Na wewe mama unayenyonyesha, usimwachishe mtoto ziwa kwa hofu. Pimwa kwanza, kisha ufuate ushauri wa daktari.

Mambo ambayo hayasaidii

Kwanza, kuchemsha maji. Tumewafundisha kuchemsha maji ili kuua viini, na ni kweli viini hufa. Lakini risasi si kiini, haifi. Maji yakipungua kwa kuchemka, risasi inabaki palepale. Ukiwa karibu na kiwanda cha aina hii, usinywe maji ya mvua yaliyokingwa kwenye mabati.

Pili, kunywa maziwa ili kuosha kifua. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayatoi moshi kifuani wala risasi katika damu.

Tatu, kujifunga leso puani. Vumbi hili ni laini mno, linapita.

Mambo ya kufanya nyumbani

1. Usifagie sakafu kavu, kwa maana vumbi litaruka na mtavuta. Pangusa kwa kitambaa kilicholowa, kisha ukisuuze vizuri.
2. Osha mikono ya watoto kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kulala. Osha pia vitu vyao vya kuchezea.
3. Vueni viatu mlangoni.
4. Funika chakula, maji na vyombo. Osha mboga na matunda vizuri.
5. Anayefanya kazi ya betri au ya kuyeyusha vyuma aoge na kubadilisha nguo kazini. Nguo zake zifuliwe peke yake. Asimbebe mtoto kabla ya kuoga.
6. Usipasue betri nyumbani, wala usiyeyushe risasi kwenye jiko. Weka betri kuukuu nzima, mbali na watoto, hadi ichukuliwe na mtu mwenye leseni.
7. Wape watoto chakula chenye madini ya chuma na kalsiamu: maharagwe, ndengu, omena, sukuma wiki na maziwa. Ongeza machungwa. Mwili ulioshiba madini haya hufyonza risasi kidogo zaidi.

Mambo ya kufanya pamoja

Usafi wa nyumbani hupunguza sumu, lakini hauwezi kuzima bomba la kiwanda. Hilo linahitaji watu wengi. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya. Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa, hata kama wewe mwenyewe hujaumia.

Anzeni kwa kuandika. Andikeni tarehe, saa, rangi na harufu ya moshi, na nani aliugua siku hiyo. Wekeni kadi za kliniki na majibu ya vipimo. Pelekeni malalamiko kwa maandishi kwa afisa wa afya ya umma na kwa mamlaka ya mazingira, NEMA, na mbaki na nakala. Kikiletwa kiwanda kipya, ulizeni ripoti ya athari kwa mazingira na mhudhurie baraza itakapojadiliwa. Kuuliza si kukataa kazi. Vijana wetu wanaweza kupata kazi, na moshi ukachujwa pia.

Wewe unayesoma kijitabu hiki, msomee jirani asiyejua kusoma. Kisha wiki hii mpeleke mtoto kliniki ikiwa mnaishi au mnafanya kazi karibu na moshi wa aina hii, na utaje neno hilo bila kuogopa: risasi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.