Una kichanga na kadi ya kura ni ya mji mwingine? Simu inakufikisha nusu ya njia

DADA yangu ameolewa Misigiri, pale njia panda ya kwenda Kiomboi, kwenye barabara kuu ya Singida–Nzega. Kadi yake ya mpiga kura bado ni ya Singida mjini, alikojiandikisha kabla ya kuolewa. Ana kichanga cha wiki tatu. Aliposikia kwamba uandikishaji umefika mkoani na kwamba kituo kinafunguliwa siku saba tu, alinipigia: “Mdogo wangu, wewe unayajua mambo ya mtandao, nihamishie.”

Nilidhani ni kazi ya dakika 10.

Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi (INEC) ilizindua uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura mkoani Kigoma, Julai 20, 2024, na safari hiyo iliongeza njia ya mtandao. Mtu ambaye tayari yumo kwenye Daftari anaingia ovrs.inec.go.tz kwa simu au kompyuta, anaanzisha ombi la kurekebisha taarifa zake au kuhama kituo. Lakini ni kuanzisha tu. Kukamilisha na kuchukua kadi mpya ni lazima afike mwenyewe kituoni, kule anakohamia. Anayejiandikisha kwa mara ya kwanza, kama kijana wako aliyetimiza miaka 18, yeye anakwenda kituoni moja kwa moja, kwa sababu picha, saini na alama za vidole zinachukuliwa kwa mashine ya BVR.

“Sasa simu imenisaidia nini?” dada akauliza.

Imemsaidia kidogo, na kwa mzazi kidogo hicho si haba. Kazi ya kutaja majina, kata na kijiji ameimaliza akiwa kitandani, mtoto amelala. Jina likikosewa herufi analiona mwenyewe, hakuna anayemharakisha nyuma yake. Mama ambaye bado anatoka damu ya uzazi, au ana mshono wa upasuaji, kila dakika ya kusimama anayopunguziwa anaihisi mwilini.

Tatizo ni kwamba dada anatumia kitochi. Simu janja ni ya shemeji, na shemeji anarudi saa 3 usiku. Tulifanya ombi saa 4, mtandao ukikatika, mtoto akilia, mimi nikimsomea maelekezo kwa simu ya pili. Nyumba nyingi ziko hivyo: huduma ya mtandaoni kwa mama ni huduma ya simu ya baba. Kina baba mnaosoma hapa, muachieni jioni moja.

Ndiyo maana naona utaratibu mmoja usiohitaji bando wala chaji una thamani kuliko mfumo wote wa mtandao. Tume imeelekeza kuwa wajawazito, akina mama wanaonyonyesha waliofika na watoto wao, wazee, wagonjwa na watu wenye ulemavu wahudumiwe bila kupanga foleni. Wengi hawalijui hilo. Wanaojua wanaona haya kupita mbele ya watu. Dada, pita. Jitambulishe kwa msimamizi, onesha mtoto.

Mama mkwe wake naye alikuwa na hofu yake, kwamba vidole vimelika kwa jembe na mashine itamkataa. Si hofu ya bure. Mikono iliyolima alizeti miaka 30, na ngozi ya uzeeni, huwa na mistari hafifu na mikavu, na mashine huisoma kwa shida. Kunawa kwa sabuni na kupaka mafuta kidogo sana asubuhi, kisha kufuta, husaidia ngozi isiwe kavu. Mashine ikigoma, mwambie mwendeshaji arudie taratibu.

Halafu kuna arobaini. Baadhi ya familia hazitaki mzazi atoke kabla ya siku 40, na siku saba za kituo zikiangukia humo, basi. Siwezi kugombana na mabibi, ila nikumbushe kuwa hata huduma ya afya inamtaka mzazi atoke: yeye na mtoto waonwe ndani ya saa 48 baada ya kujifungua, siku ya saba, ya 28 na ya 42. Kama kliniki na kituo viko njia moja, unganisha safari. Vituo hufunguliwa saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni, nenda mapema kabla jua halijawa kali. Mfunike mtoto, nenda na mtu wa kumshika wakati wa picha, beba kadi ya zamani. Ukiwa na homa, kichwa kinauma sana au damu inatoka kwa wingi, nenda zahanati, kituo achana nacho. Sheria inataka Daftari liboreshwe mara mbili kati ya uchaguzi mkuu mmoja na mwingine, kwa hiyo kulikuwa na awamu ya pili kabla ya Oktoba 2025.

Jambo moja tu usifanye: kujiandikisha upya kana kwamba hukuwahi kuandikishwa, eti ni rahisi kuliko kuhama. Kujiandikisha mara mbili ni kosa la jinai, na alama za vidole zitakuumbua.

Dada alikwenda siku ya tatu, wifi yake kashika mtoto. Kwenye kadi mpya macho yake yamejaa usingizi, na amekataa nisimuoneshe mtu.