Mwenye kamera asiipite Kibaha

Mabasi ya bara yanapotoka Dar es Salaam alfajiri, abiria wenye kamera huanza kuzitoa mkobani wakishaivuka Chalinze, milima ya Uluguru inapoanza kujitokeza mbele. Kibaha wameipita wamelala. Wapiga picha wa papa hapa nao wanaipita kwa namna yao. Waulize ni lini mara ya mwisho walipiga picha ya kuifurahisha nafsi, isiyolipiwa na mteja, watakutajia safari ya Bagamoyo, Zanzibar au Mikumi. Maili Moja, Tumbi, Picha ya Ndege, Mlandizi na Kisarawe mjini kwao ni mahali pa kutafutia riziki: picha za pasipoti, mahafali, sendoff na harusi.

Ninawaelewa. Kazi ya harusi ndiyo inayolipa kodi ya fremu na ada za watoto. Lakini ndiyo pia inayolilaza jicho. Ijumaa kitchen party, Jumamosi harusi, Jumapili kuhariri mpaka usiku wa manane. Bwana harusi ashike kiuno, bibi harusi ainamishe shingo, wasimamizi waruke juu kwa pamoja. Mteja anafungua simu na kuonyesha picha iliyopigwa Lagos au Dubai: "Kaka, nataka kama hii." Ukifanya hivyo miaka mitatu mfululizo, mkono unajua kazi yote bila wewe kuwapo. Hapo ndipo mtu anaanza kusema hamu imekwisha, anahitaji kamera mpya, anahitaji kusafiri.

Mimi naamini anachohitaji ni kurudi mahali alipopazoea mpaka apajue upya, na hasa aujue mwanga wa pale.

Tuanze na jua, maana kwetu lina tabia zake. Kibaha iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la mchana husimama utosini kabisa, nguzo ya umeme ikabaki haina kivuli cha kueleweka. Vitabu na video nyingi za kufundishia upigaji picha hutoka Ulaya na Marekani, na husifu saa ya dhahabu, ule mwanga laini wa kabla ya machweo. Kule jua huzama kwa mshazari, taratibu. Kwetu hushuka karibu wima, nyuzi 15 kwa saa. Kutoka nyuzi 6 juu ya upeo hadi kuzama ni kama dakika 24 tu. London, mwezi Juni, safari hiyohiyo huchukua karibu dakika 50. Anayefuata somo la London akafika uwanjani kwa raha zake atakuta dhahabu imeshakwenda. Mahali, mtu na usuli viwe tayari mapema. Kufika saa kumi na moja na nusu si kuwahi kupita kiasi.

Na mchana je? Wengi hufunga kamera saa nne asubuhi wakaifungua saa kumi. Ni hasara kubwa, kwa sababu mchana wetu una vivuli vizito vyenye kingo kali, na pembeni mwa kila kivuli kuna mwanga mzuri unaosubiri mtu. Nenda jirani na stendi, kwa mama anayekaanga mihogo chini ya turubai la bluu. Ukimpiga pale alipo, uso utatoka na ubluu wa turubai, jambo ambalo ni gumu kuliondoa vizuri kwa kuhariri. Mwombe asogee nusu hatua hadi ukingoni mwa kivuli, auelekeze uso barabarani. Sasa mwanga unaomfikia ni wa anga, na mchanga mweupe wa mbele yake unaurudisha mwingine kutoka chini, ukijaza macho na chini ya kidevu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sasa utanipigaje na moshi wote huu?"

Moshi wenyewe ndio unaotakiwa. Moshi hauonekani vizuri ukimulikwa kutoka mbele. Ukimulikwa kutoka nyuma, na nyuma yake pakiwa na giza, unang'aa kila uzi. Zunguka mpaka jua liwe nyuma ya karai na mlango wa banda wenye giza uwe ndiyo usuli. Subiri atupe kipande kingine kwenye mafuta. Hiyo ni picha ambayo hakuna wa Lagos wala Dubai anayeweza kukutangulia kuipata.

Katika kupiga nyuso kuna pia jambo la ngozi zetu, na nalisema kwa uchungu kidogo. Kwa miongo mingi ya karne ya 20, maabara za kusafishia picha za rangi zilirekebisha mitambo yao kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke wa kizungu. Mafundi wakaiita Shirley. Ngozi yake ikitoka sawa, mashine iko sawa. Ngozi nyeusi zilizama gizani, yakabaki macho na meno, na watu wakaamini kuwa hawana sura ya picha. Kamera za leo hazitumii kadi ile, lakini kipimo chake cha mwanga bado hukisia kwamba kila kilichoko mbele yake, kwa wastani, ni cha kijivu. Bibi harusi mweusi aliyevaa shela jeupe mbele ya pazia jeupe atatoka na uso wa giza, kwa sababu kamera imeogopa weupe ikapunguza mwanga. Ongeza hatua moja. Mzee mwenye koti jeusi ndani ya ukumbi wenye giza atatoka na ngozi iliyopauka kama imepakwa jivu. Punguza. Na ukirusha flashi juu ili mwanga urudi kwa ulaini, tazama kwanza kilichoko juu. Kumbi zetu hupambwa kwa vitambaa vya zambarau na vyekundu, na flashi hurudi na rangi hiyohiyo hadi kwenye mashavu ya wakwe.

Kuna mbinu zisizohitaji hata shilingi, na mbili nazipenda kuliko zote.

Ya kwanza ni ya kumfuata mtu anayekwenda. Simama kando ya barabara jioni, nyayo zikiwa zimetulia, kiuno kikiwa ndicho kinachozunguka. Weka kasi ya shata 1/30. Bodaboda ikitokea, mshike dereva ndani ya fremu tangu akiwa mbali, zunguka naye kwa mwendo wake, bonyeza akiwa sambamba nawe, na usisimame baada ya kubonyeza. Endelea kuzunguka mpaka apotee. Ukifanikiwa, sura na kofia ngumu vitakuwa vimetulia, na maduka, matangazo na miti ya nyuma yake vitakuwa michirizi ya rangi. Mwanzoni utaharibu nyingi sana. Lakini jaribu jioni, maana mchana wa jua kali shata ya 1/30 huingiza mwanga kupita kiasi hata lenzi ikibanwa hadi f/16. Simu nyingi siku hizi zina sehemu ya kupangia kasi ya shata kwa mkono, kwa hiyo kisingizio cha kamera hakipo.

Kwa usiku, mbinu hugeuzwa: kamera ndiyo inayotulia, magari ndiyo yanayochora. Barabara ya Morogoro imepanuliwa kuwa njia nane kati ya Kimara na Kibaha, kilomita 19.2, na malori hayakomi. Asiye na stendi ya miguu mitatu aiweke kamera juu ya mfuko wa maharage ukutani, mbali na magari, afungue shata kwa sekunde 10. Taa nyekundu zitakwenda upande mmoja na nyeupe upande wa pili.

Mbinu ya pili ni ya picha mbili ndani ya moja, na hii ina historia ya kujivunia mwambao mzima. Lamu, kuanzia miaka ya 1960, palikuwa na Omar Said Bakor, mpiga picha aliyejifunza mwenyewe. Katika studio yake ndogo alikata, akabandika, akafunika sehemu ya picha na kuchanganya negativu, mpaka sura za wateja wake zikatokea mahali ambapo sura haiwezi kukaa. Hakuwa na kompyuta. Alikuwa na mkasi, chumba cha giza na wateja waliotaka kuonekana kwa namna ambayo kioo cha nyumbani hakiwezi kuwaonyesha. Kazi zake leo hutazamwa na watafiti wa sanaa duniani. Kila nikiona kijana wa hapa akilalamika kuwa programu ya kuhariri ni ghali, namkumbuka fundi huyo.

Namna ya kuifanya leo ni rahisi. Kamera nyingi zina menyu ya kupiga picha moja juu ya nyingine, na kwenye simu zipo programu za bure. Siri yake ni kwamba picha ya pili huingia mahali penye giza tu. Penye weupe pameshajaa, hapapokei kitu. Kwa hiyo piga kwanza mtu kwa ubavu, mbele ya anga nyeupe, awe kivuli kitupu. Kisha piga majani ya mkorosho kwa karibu, yakiwa yamejaa fremu nzima. Mishipa ya majani itaingia ndani ya kichwa na mabega ya mtu yule, na anga itabaki safi. Mikorosho si ya kutafutwa Kibaha wala Kisarawe.

Usuli nao tumepewa bure na utamaduni wetu. Mpiga picha Seydou Keïta, aliyefungua studio Bamako mwaka 1948, alitumia shuka la kitanda chake mwenyewe kama pazia la nyuma, akapiga kwa mwanga wa jua uani, na kwa kawaida kila mteja alipata pigo moja tu kwa kuwa filamu ilikuwa ghali. Picha hizo sasa zimo katika makumbusho makubwa. Sisi tuna kanga na vitenge vya kila rangi, lakini tunanunua mabango yaliyochapwa maporomoko ya maji ya nchi tusizozijua. Na lile pigo moja ni zoezi zuri: jipe siku ambayo kila mtu unampiga mara moja, basi. Utashangaa utakavyotazama kwa makini kabla ya kubonyeza.

Kuhusu kurudi palepale, mfano wangu ni mpiga picha Saul Leiter. Alihamia jengo moja la East Village, New York, mwaka 1952, akaishi humo hadi alipofariki mwaka 2013, na picha zake maarufu ni za mitaa ya jirani tu: vioo vyenye ukungu, mwavuli mwekundu, mtu nyuma ya dirisha lenye matone. Masika ya Machi hadi Mei hutupa vioo vya namna hiyo kila asubuhi kwenye daladala za kwenda Mbezi. Kaa siti ya dirishani, lenga matone, acha stendi nje iwe ukungu wa rangi.

Kisarawe ina mahali pengine ninapopapendekeza kwa moyo wote: vilima vya Pugu. Mapango yaliyoachwa na uchimbaji wa udongo mweupe wa kaolini yana kuta nyeupe zinazorusha mwanga wa mlangoni kwenda ndani, laini kuliko taa yoyote ya studio. Mtu akisimama hatua chache ndani, akitazama nje, uso wake unapata mwanga wa pande zote. Jioni popo hutoka kwa maelfu, na hapo shata ya 1/500 itakupa mabawa, ya 1/15 itakupa moshi mweusi unaopanda. Nenda na mwenyeji, na uulize utaratibu wa msitu kabla ya kuingia.

Kuuliza kunahitajika pia kwingine. Droni inataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kambi za jeshi hazipigwi picha, na madaraja ni bora uombe ruhusa kwanza. Na kwenye ngoma za Wazaramo, mwali akitolewa nje mbele ya watu, wenyewe hufurahi akipigwa picha. Yale ya ndani ni ya ndani, yasiombwe wala kuibiwa kwa simu.

Kuna haraka moja katika haya yote. Eneo hili la Kibaha na Kisarawe linabadilika mbele ya macho yetu. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, ikisimama Pugu, Soga na Ruvu. Bandari kavu imefunguliwa Kwala. Mashamba ya mikorosho yanakatwa viwanja. Yule mama wa mihogo anaweza kuhamishwa mwakani. Capital Art Studio, iliyofunguliwa Zanzibar na Ranchhod Oza mwaka 1930, imetuachia sura za visiwa vile kwa sababu picha zilichapwa kwenye karatasi na kutunzwa. Zetu ziko kwenye simu zinazoibwa na diski zinazokufa.

Basi zichapeni, japo chache kila mwezi, kwenye studio yoyote ya Maili Moja. Nakala moja mpelekeeni mwenye sura. Nyingine ibaki nyumbani, na nyuma yake iandikwe kwa penseli jina la mtu kama ameridhia, mtaa na tarehe.