Santuri ya "Donuts": Jinsi Sauti Inavyochongwa, Inavyochapwa na Inavyosikika

Santuri ni miongoni mwa vyombo vichache vinavyomwezesha mtu kuiona kwa macho sauti anayoisikia. Sahani ikielekezwa kwenye mwanga wa taa, huonekana mfuo, yaani kifereji chembamba sana, unaozunguka kutoka ukingoni hadi karibu na lebo. Penye kishindo mfuo huyumba sana. Penye ukimya hutulia. Kwa muziki wa hip hop jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa muziki huo ulizaliwa na santuri: vijana wa New York katika miaka ya 1970 walizichezesha sahani za wengine wakapata muziki wao.

Wapo wapenzi wa muziki huo ambao hutumia fedha nyingi kutafuta chapa fulani ya albamu fulani, wakiamini kwamba chapa ya kwanza, au iliyo nzito zaidi, ndiyo yenye sauti ya kweli. Imani hiyo yafaa ichunguzwe. Mfano unaofaa ni "Donuts", albamu ya ala tupu ya James Dewitt Yancey, aliyejulikana kwa jina la J Dilla. Katika santuri hiyo kuna mambo yatokanayo na msanii, mambo yatokanayo na kiwanda, na mambo yatokanayo na masikio ya msikilizaji mwenyewe. Asiyeyatenganisha hayo matatu huweza kumsifu fundi wa mashine kwa kazi ya msanii, au kumlaumu msanii kwa kosa la sindano.

MSANII NA KAZI YAKE

Yancey alizaliwa mjini Detroit, Marekani, tarehe 7 Februari 1974. Mwaka 2002 aligundulika kuwa na ugonjwa adimu wa damu ambao husababisha mabonge madogo katika mishipa myembamba, na kuumaliza mwili chembe za kugandisha damu. Baadaye alipatwa pia na maradhi ya lupasi, ambayo huufanya mwili ujishambulie wenyewe. Alihamia Los Angeles mwaka 2004, na huko aliendelea kufanya kazi huku akiingia na kutoka hospitalini. "Donuts" ilitolewa na kampuni ya Stones Throw tarehe 7 Februari 2006, siku alipotimiza miaka 32. Siku tatu baadaye alifariki dunia.

Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba albamu yote iliundwa kitandani hospitalini. Mwandishi Dan Charnas, katika kitabu chake "Dilla Time" cha mwaka 2022, alionyesha kwamba habari hiyo ilikuzwa: sehemu kubwa ya kazi ilikwisha kufanywa kabla ya hapo. Masahihisho hayo hayaipunguzii albamu thamani. Mgonjwa aliyejua hali yake alipanga vipande 31, vingi vyao vya dakika moja au moja na nusu, katika muda wa dakika 43 hivi. Kipande cha kwanza alikiita kimalizio, na cha mwisho akakiita utangulizi. Kipande cha mwisho kinapokoma, sauti yake huungana na ya kile cha kwanza, kana kwamba kazi yote ni duara lisilo na mwisho.

KIPANDE CHA SAUTI

Malighafi ya kazi hii ni santuri za zamani. Sindano husoma mfuo, mitetemo yake hugeuzwa kuwa umeme, na mashine hupima umeme huo mara maelfu kwa sekunde na kuyahifadhi majibu kama tarakimu. Mashine ambayo Yancey aliitumia kwa miaka mingi ni Akai MPC3000, iliyobuniwa na mhandisi Roger Linn na kuanza kuuzwa mwaka 1994. Mashine hiyo hupima mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo huchaguliwa kati ya ngazi 65,536. Sauti ikishakuwa tarakimu, yaweza kukatwa, kupinduliwa, kurudiwa, kuharakishwa, na kupigwa upya kwa vidole juu ya vitufe 16 vya mpira.

Hapa ndipo ilipo kazi ya msanii. Katika kipande kiitwacho "Don't Cry", wimbo wa The Escorts, kundi lililoundwa na wafungwa wa gereza la Rahway katika jimbo la New Jersey, husikika kwanza karibu kama ulivyorekodiwa. Kisha hukatwa vipande vidogo sana na kupangwa upya, hata sauti zile zile zikawa na mwendo mwingine. Msikilizaji huonyeshwa kitambaa kabla ya kuonyeshwa nguo.

Aidha, Yancey alisifika kwa kuiachia ngoma iwahi au ichelewe kidogo. Katika mwendo wa mapigo 90 kwa dakika, kila pigo huchukua milisekunde 667. Ngoma ikichelewa kwa milisekunde 30, kasoro hiyo ni chini ya sehemu moja ya ishirini ya pigo. Walakini sikio huitambua, na mwili huihisi kama mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Jambo hili haliwezi kuongezwa wala kupunguzwa na kiwanda. Limo katika kila chapa, iwe ya bei kubwa au ndogo.

KUTOKA TARAKIMU HADI MFUO

Kazi ya kiwanda huanza pale tarakimu zinaporudishwa kuwa mfuo. Fundi huweka juu ya mashine sahani ya alumini iliyopakwa laka, na kidude kilichochongoka chenye moto huichonga kwa kufuata mitetemo ya sauti. Sahani hiyo hupakwa tabaka jembamba la fedha, kisha hujengewa nikeli kwa njia ya umeme. Nikeli ikibanduliwa, hupatikana kinyume cha mfuo. Kutokana na kinyume hicho hutengenezwa mama, na kutokana na mama hutengenezwa mihuri. Mihuri miwili, mmoja kwa kila upande, hulibana donge la plastiki ya PVC lililolainishwa kwa joto, na sahani hutoka.

Mnyororo huu ni mwembamba kuliko wengi wanavyodhani. Tarehe 6 Februari 2020 kiwanda cha Apollo Masters huko California, kilichokuwa kikitengeneza sahani nyingi za laka zilizotumika duniani, kiliteketea kwa moto. Kilichobaki wakati huo ni mtengenezaji mmoja tu mkubwa, huko Japani, na viwanda vya santuri vya nchi nyingi viliingia katika mashaka.

Ifahamike pia kwamba sauti haichongwi kama ilivyo. Sauti nzito huufanya mfuo uyumbe sana na kuugonga mfuo jirani, na sauti nyembamba huweza kumezwa na mchakacho wa plastiki. Kwa hiyo, kulingana na kanuni iliyowekwa mwaka 1954, sauti yenye mitetemo 50 kwa sekunde hupunguzwa kwa desibeli 17 hivi wakati wa kuchonga, na yenye mitetemo 10,000 huongezwa kwa desibeli 14 hivi. Kipaza sauti cha santuri hufanya kinyume chake na kurudisha uwiano. Kikiwa kibovu, santuri bora husikika kama mbovu.

KWA NINI SAHANI MBILI?

Albamu ya dakika 43 ingeweza kuenea katika sahani moja ya inchi 12, lakini "Donuts" ilichapwa katika sahani mbili. Sababu yake huonekana kwa hesabu. Sahani izungukayo mara 33 na theluthi moja kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 1.8. Upande wa dakika 22 huhitaji mizunguko 733 hivi. Eneo linalochongwa lina upana wa milimita 86 hivi, hivyo kila mzunguko hupata milimita 0.12 tu. Albamu ikigawanywa katika pande nne, kila upande hubeba wastani wa dakika 11, na kila mzunguko hupata nafasi maradufu. Fundi huweza basi kuchonga ngoma na besi kwa nguvu bila kuhofia kugonganisha mifuo.

Ipo faida nyingine. Katika ukingo wa sahani, mfuo hupita chini ya sindano kwa kasi ya sentimita 51 hivi kwa sekunde. Karibu na lebo kasi hiyo hushuka hadi sentimita 21. Wimbi la mitetemo 10,000, ambalo ukingoni hunyooshwa katika urefu wa milimita 0.05, karibu na lebo hubanwa katika milimita 0.02, na sindano hushindwa kuzifuata kona zake. Upande ambao haukujazwa huweza kukoma kabla ya kufika huko.

Mwaka 2013 albamu hiyo ilitolewa pia katika sahani ndogo za inchi 7, zile zizungukazo mara 45 kwa dakika. Sahani za namna hiyo zinakumbukwa vizuri Afrika Mashariki, ambako nyingi zilichapwa Nairobi. Katikati huwa na tundu pana la milimita 38 hivi, na kwa sababu hiyo hufanana na donati, lile andazi tamu lenye tundu lililoipa albamu jina lake. Wengine hudhani kwamba mara 45 lazima ishinde mara 33. Si hivyo daima: kasi ya ukingo wa sahani ndogo ni sentimita 40 hivi kwa sekunde, ambayo huizidi ile ya ndani ya sahani kubwa, lakini haiifikii ile ya ukingo wake. Na msikilizaji hulazimika kusimama kila baada ya dakika chache.

Uzito nao husifiwa kupita kiasi. Sahani ya gramu 180 huenda isipindike upesi kama ya gramu 140, lakini kina na umbo la mfuo ni vile vile. Linaloweza kuleta tofauti ya kweli ni kama laka ilichongwa upya na fundi mwingine, na kama muhuri ulikuwa mpya au umechakaa. Dalili yake hutafutwa katika maandishi madogo yaliyochorwa kwenye eneo tupu kando ya lebo, wala si katika bei.

MCHAKACHO HUU NI WA NANI?

Kwa kuwa "Donuts" imetokana na santuri, mchakacho wa sahani za zamani umo ndani ya muziki wenyewe. Mnunuzi wa sahani mpya huweza kusikia mialiko ya vumbi akadhani ameuziwa mali mbovu. Njia ya kutambua ni rahisi. Mkwaruzo wa sahani yake mwenyewe hulia mara moja kwa kila mzunguko, yaani kila sekunde 1.8, au kila sekunde 1.33 kwa sahani ya mara 45. Mchakacho uliochukuliwa pamoja na kipande cha zamani hufuata urefu wa kipande hicho: mapigo manne katika mwendo wa 90 kwa dakika, kwa mfano, hurudi kila baada ya sekunde 2.67. Saa ya mkononi na subira vyatosha kuamua kama kosa ni la kiwanda, la mwenye sahani, au ni alama iliyoachwa na santuri ya zamani.

KUPIMA KWA MASIKIO

Anayetaka kulinganisha chapa mbili hana budi kwanza kuzisawazisha kwa ukubwa wa sauti, maana sauti kubwa kidogo hudhaniwa kuwa bora. Kisha mtu mwingine awe ndiye anayebadilisha sahani, na msikilizaji asijue ipi inapigwa. Mtu anayebahatisha tu hupatia mara 9 au zaidi kati ya 10 kwa uwezekano wa asilimia moja hivi. Anayefikia hapo amesikia tofauti ya kweli; asiyefikia hana sababu ya kuona haya, na fedha yake itakuwa salama. Ikumbukwe vilevile kwamba vipande hivi vilikwisha pita katika tarakimu kabla ya kufika kwenye laka. Hakuna chapa iliyo na siri ambayo diski ya tarakimu inaikosa.

Kwa nini basi santuri hii ipendwe? Mashine ya MPC3000 ya Yancey, iliyotolewa na mama yake mwaka 2014, imehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya historia na utamaduni wa Wamarekani weusi mjini Washington. Haipigwi tena. Muziki wenyewe ulipangwa kuwa duara, na kwenye diski ya tarakimu mwisho waweza kuungwa na mwanzo bila kikomo. Mfuo wa santuri, kinyume chake, una mwanzo na mwisho: baada ya mita 240 hivi sindano hufika kwenye mzunguko wa mwisho usio na sauti, na huko huzunguka mpaka mkono wa mtu uinyanyue. Anayeisikiliza "Donuts" kwa santuri hulazimika kuinuka, kugeuza sahani, na hatimaye kurudi mwenyewe kwenye upande wa kwanza. Duara alilolikusudia msanii hukamilishwa na msikilizaji. Hilo hupatikana katika chapa yoyote, mradi sindano iwe safi na sahani isiwe imepindika.