Chora kwanza, insha baadaye

Mtoto wa Buzebazeba anaweza kukusimulia uvuvi wa dagaa mpaka ugali upoe. Mwambie aandike insha hiyohiyo, anabaki kutafuna kalamu. Analo la kusema, tena jingi, ila hajui aanzie wapi. Hapa tunaeleza njia inayomsaidia: kuchora kabla ya kuandika.

Chukueni karatasi, au hata kijiti na mchanga wa mwaloni. Mtoto achore duara na kuandika ndani yake "Uvuvi wa dagaa". Kisha atoe mistari kwenda kwenye maduara madogo: nani, vifaa, lini, baada ya kuvua. Ajaze neno mojamoja tu: wavuvi, mtumbwi, taa, nyavu, usiku wa giza, kuanika, sokoni. Neno likimjia kwa Kiha, aliandike hivyo. Kiswahili chake atakitafuta baadaye.

Duara hukusanya mawazo, lakini haliyapangi. Kwa hiyo achore visanduku vitatu, kimoja chini ya kingine: utangulizi, kiini na hitimisho. Achague kipi kiingie wapi na kipi kiachwe. Kuanika, kwa mfano, hakuwezi kutangulia kuvua.

Sasa aandike, kisanduku kimoja aya moja.

Mzazi, hata kama hukusoma sana, unaweza kusaidia. Usimwandikie. Muulize tu, "Kisha ikawaje?" Anachokujibu ndicho sentensi yake inayofuata.